Sumaku Ambazo Dira Haizioni

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, usiku mmoja baada ya sala ya Isha. Waliokuwa safarini waliomba wayasome, nami nimeyaandika kama nilivyoyasema.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu mlioketi upande wa ngazi za Ngome, shikamooni. Walimu, manahodha, mafundi mliotoka Matondoni na maji ya jioni, na nyinyi wanafunzi mlioketi mikekani hapa mbele, ahsanteni kwa kuja.

Mimi ni mtoto wa mji huu, na kazi yangu ni sumaku. Kila nikirudi nyumbani mtu huniuliza barazani: "Hebu tueleze, wewe hasa wafanya nini huko?" Nikijibu, huniambia: "Sumaku ina nini tena cha kusomewa? Ina upande wa kaskazini na upande wa kusini, yavuta msumari, basi." Nami nilifundishwa hivyo hivyo shuleni. Nilichora mistari ileile daftarini, nikapata alama zangu, nikaamini habari imekwisha. Haijaisha, ndugu zangu. Usiku huu nataka niwape sehemu iliyobaki, kwa lugha yetu, bila picha za ukutani.

Nimekuja na kitu kimoja tu. Ni dira hii.

Ilikuwa ya babu yangu, nahodha wa jahazi. Ilikaa ndani ya kisanduku cha mbao ya mvule, na kioo chake kina ufa mwembamba unaoanzia upande wa suheli, yaani kusini, na kuishia katikati. Nilipokuwa na miaka tisa nilibomoa redio mbovu, nikatoa sumaku ya spika: ile nyeusi, nzito, ya mviringo, yenye tundu katikati. Nikataka kuona ipi ina nguvu zaidi. Nikaipitisha juu ya dira. Mshale uliruka, ukazunguka, ukatulia. Nilipoiondoa sumaku, mshale ulisimama vizuri kabisa, ila ncha ya jaa, yaani ya kaskazini, ilikuwa yaelekea suheli. Nilikuwa nimeigeuza dira ya nahodha, na alfajiri alikuwa na safari.

Babu hakunipiga. Alikaa kizingitini, akaiweka dira mapajani, akaitazama, kisha akatazama Manda ng'ambo ya maji, akatazama dira tena. Akaniambia, "Lete hiyo sumaku." Akaigeuza, akaipitisha juu ya kioo polepole, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka mshale ukarudi jaa. Halafu akasema neno ambalo nimekuwa nikilifanyia kazi maisha yangu yote. Alisema: "Dira yaona sumaku iliyo kubwa. Zilizobaki haizioni."

Je, kuna sumaku ambazo dira haizioni? Zipo. Tena ni nyingi. Na nyingi miongoni mwake zina mpangilio mzuri kuliko wa mshale huu.

Tuanze na ile sumaku ya spika, kwa sababu nilipokuwa mkubwa niligundua kwamba siyo chuma. Chukueni betri, balbu na nyaya mbili, mguse pande zake mbili: balbu haitawaka. Ni udongo uliochomwa tanuruni: kutu ya chuma iliyochanganywa na bari au stronti. Ni jiwe. Sumaku ya jiwe, isiyopitisha umeme. Mawe ya namna hiyo ndiyo kazi yangu.

Ndani ya jiwe kila atomu ya chuma ni kisumaku kidogo. Usumaku wake unatokana na elektroni, na hasa na sifa ya elektroni tunayoiita spini. Fikirini mshale mdogo uliobandikwa juu ya kila atomu. Swali ni hili: mshale mmoja unajuaje jirani yake anaelekea wapi? Mtu atasema, si kaskazini huvuta kusini? Hapana. Mvuto huo kati ya atomu na atomu ni dhaifu mno. Joto la usiku huu lingeuvuruga mara moja. Mwaka 1928 mwanafizikia Werner Heisenberg alionyesha kwamba kinachozifunga atomu hizi ni kitu kingine kabisa, kinachotokana na kanuni kwamba elektroni mbili zenye spini moja haziwezi kukaa mahali pamoja.

Lakini katika jiwe atomu mbili za chuma hazigusani hata kidogo. Katikati yao kuna oksijeni. Sasa zinazungumzaje?

Zinazungumza kama zinavyozungumza nyumba mbili za mji huu kabla ya posa. Kwa mshenga. Oksijeni ndiye mshenga. Elektroni zake huchungulia huku, huchungulia kule, na ujumbe anaoufikisha mara nyingi ni huu: mwenzako akielekea juu, wewe elekea chini. Hendrik Kramers alilitoa wazo hili mwaka 1934, na Philip Anderson akalifafanua mwaka 1950. Mshenga akiwa kati kwa kati, katika mstari ulionyooka, ujumbe una nguvu. Akikaa pembeni, ujumbe hudhoofika au hugeuka. Yaani hata mahali alipoketi mshenga pana maana.

Haya, tazameni matokeo yake. Mmoja juu, mmoja chini. Mmoja juu, mmoja chini. Jiwe zima limepangika safu kwa safu, halina hata atomu moja iliyopotea, na jumla yake ni sifuri. Lete dira: mshale hautikisiki. Louis Néel wa Ufaransa alizifikiria sumaku hizi kwa hesabu miaka ya 1930, na watu wangeweza kumwuliza: utathibitishaje sumaku isiyovuta chochote? Ilibidi kungoja nyutroni, chembe ya ndani ya kiini cha atomu. Nyutroni haina umeme, hupenya jiwe kama upepo wa kaskazi unavyopenya ua la makuti, lakini yenyewe ni kisumaku, kwa hivyo huhisi kila spini inayoipita. Mwaka 1949 Clifford Shull na Samuel Smart, huko Oak Ridge, Marekani, walielekeza nyutroni kwenye oksidi ya manganizi iliyopozwa, na mpangilio wa juu na chini ukajitokeza waziwazi. Néel alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1970. Shull alingoja mpaka 1994.

Dira haikuona. Nyutroni iliona.

Sasa nataka niwapeleke mbali kidogo, kisiwani. Si kisiwa chetu. Ni kisiwa karibu na Stockholm, Sweden, chenye kijiji kiitwacho Ytterby. Hapo palikuwa na machimbo, na mwaka 1787 mwanajeshi mmoja mpenda mawe, Carl Axel Arrhenius, aliokota jiwe jeusi zito ambalo hakulitambua. Mwaka 1794 Johan Gadolin, mkemia wa Finland, alilichambua akakuta ndani yake udongo ambao haujulikani. Watu wakaendelea kuuchambua kwa zaidi ya miaka mia moja, kila wakifungua wakikuta kingine ndani. Kutokana na jina la kijiji kile kimoja elementi nne zimepewa majina: itri, terbi, erbi na iterbi. Kijiji kimoja! Holmi imepata jina lake kutokana na Stockholm, gadolini kutokana na Gadolin. Na disprosi ni neno la Kigiriki, maana yake ni ngumu kufikika. Zote hizi huitwa metali adimu, ingawa jina hilo haliko sawa. Seri, mmoja wa ndugu hao, imo ardhini kwa wingi unaokaribia ule wa shaba. Kilicho kigumu ni kuzitenganisha, maana zinafanana kama pacha.

Na kwa nini zinafanana? Hapa naomba mfikirie nyumba ya mawe ya mji huu, moja ya zile za kale. Unaingia dakani, penye mlango wa nje. Unapita kiwandani, yaani uani. Unafika msana wa chini, yaani ukumbi wa kwanza, unafika msana wa juu, na nyuma ya hapo ndipo ndani. Mtu aliyeketi ndani kabisa husikia sauti ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kwa mbali, kama mvumo tu. Katika chuma, elektroni za usumaku hukaa karibu na daka. Kila anayepita huwasalimia. Katika metali hizi adimu hukaa ndani, na mbele yao kuna tabaka nyingine za elektroni zinazowaziba. Kwa hivyo mshenga akija, hawamsikii vizuri. Mapatano yao na majirani ni dhaifu.

Lakini kukaa ndani kuna faida yake. Kwa kuwa hazisukumwi na mtaa, elektroni hizi hubaki na mzunguko wao wote, na usumaku wao ni mkubwa ajabu. Disprosi na holmi ndizo zenye usumaku mkubwa kuliko atomu nyingine zote. Na kila moja ina umbo lake. Wingu la elektroni za gadolini ni mviringo kama mpira. La terbi limebapa kama mkate wa mofa. La erbi limerefuka kama tende. Mkate uliobapa huwezi kuutia popote upendapo. Lazima utafute upande utakaoingia. Oksijeni zilizoizunguka terbi huisukuma, nayo hulala pale panapoiruhusu, na mshale wake hufuata. Kumbe hapa mwelekeo hauamuliwi na jirani peke yake. Unaamuliwa pia na kiti ulichokalia.

Nitawaonyesha jambo hili katika jiwe moja ninalolipenda, nanyi mniwie radhi nikikaa hapo kidogo.

Jiwe hilo ni ganeti ya chuma. Bertaut na Forrat waliitangaza mwaka 1956 huko Grenoble, Ufaransa. Katika kila fungu la hesabu yake mna atomu tano za chuma: tatu zinaelekea upande mmoja, mbili upande wa pili. Tatu kwa mbili, kwa hivyo moja inabaki. Viti vingine vitatu hukaliwa na metali adimu. Ukitia itri, itri haina usumaku, itakaa kimya. Ukitia gadolini, mchezo unabadilika kuwa wa kuvuta kamba. Chuma kilichobaki kinavuta kwa nguvu ya tano. Gadolini tatu, kila moja ina nguvu ya saba, zinavuta upande wa pili kwa ishirini na moja. Katika baridi kali, gadolini zinashinda kwa kumi na sita. Lakini kumbukeni, gadolini wako ndani ya nyumba, wanasikia kwa mbali. Joto likipanda kidogo wanalegea upesi, na chuma hakilegei. Ikifika nyuzi 290 hivi za Kelvin, yaani kama 17 za Selsiasi, nguvu zinalingana sawasawa. Kila upande bado unavuta, kamba imekazika, lakini haiendi popote. Dira haioni kitu.

Mnaelewa maana yake? Ukiliweka jiwe hilo katika friji ya duka la soda, gadolini ndio washindi. Ukilitoa ukaliweka juani hapa Mkunguni saa saba mchana, chuma ndicho mshindi. Kati ya friji na jua, kaskazini yake imekuwa kusini. Nilipolisoma jambo hili mara ya kwanza nilimkumbuka babu na dira yake kizingitini.

Sasa badala ya gadolini yenye umbo la mpira, tia terbi iliyobapa. Viti vya metali adimu katika ganeti havikuelekea upande mmoja. Kila kiti kimepinda kivyake. Katika baridi kali, terbi haziwezi tena kukubali kusimama sambamba na chuma. Kila moja inaegemea upande wa kiti chake, huyu kulia, huyu kushoto, huyu mbele. Nyutroni zilipopimwa, umbo lililoonekana wenye kazi hii waliliita mwavuli. Chuma ni mpini. Terbi ni njiti zilizofunguka. Tena ni miavuli miwili, mmoja umefunguka zaidi ya mwingine.

Nawauliza: njiti za mwavuli zinaelekea upande mmoja?

(Wakajibu: La!)

Je, mwavuli ni fujo?

(La!)

Kila njiti ina upande wake, na ukiijua moja unajua nyingine zote zilipo. Hii ndiyo tunayoiita sumaku ya mielekeo mingi. Shuleni tulifundishwa kwamba sumaku ni pale visumaku vyote vinapoelekea upande mmoja, na visipoelekea upande mmoja si sumaku tena, ni vurugu. Si kweli. Mpangilio ni pana kuliko hivyo.

Kuna njia nyingine za kufikia mielekeo mingi. Weka spini tatu katika pembetatu, kila moja ikitaka kuwa kinyume na mwenziwe: ya kwanza juu, ya pili chini, ya tatu itakwenda wapi? Mapatano yake ni kugawana duara, nyuzi 120 kila mmoja. Kuna terbi manganati, ambayo chini ya nyuzi 28 za Kelvin spini zake za manganizi hugeuka hatua kwa hatua kama gurudumu linalobingirika. Mwaka 2003 Tsuyoshi Kimura na wenzake huko Japani walionyesha kwamba mzunguko huo unalipa jiwe umeme tuli, upande mmoja chanya na upande mmoja hasi, na ukilitia katika nguvu kubwa ya sumaku, umeme huo unageuka kwa pembe mraba. Sumaku inageuza umeme ndani ya jiwe lisilopitisha umeme.

Lakini lile ambalo fundi wa milango atalifahamu upesi kuliko profesa ni titaneti ya disprosi, na nduguye ya holmi. Humo atomu zimejengwa kama vijumba vya pembe nne, piramidi, vilivyogusana penye ncha. Penye kila ncha pana mshale mmoja, na kwa sababu ya kile kiti nilichokitaja, mshale unaweza kuelekea ndani ya kijumba au nje, basi. Ufikirieni kama mlango kati ya nyumba mbili. Ukifunguka kwa ndani kwangu, umefunguka kwa nje kwa jirani. Kanuni ni moja: kila kijumba, milango miwili ndani, miwili nje. Miwili ndani, miwili nje. Hii ni kanuni ileile inayopanga hidrojeni ndani ya barafu ya maji, ambayo Linus Pauling aliipigia hesabu mwaka 1935, na ndiyo maana tangu mwaka 1997 mawe ya namna hii huitwa barafu ya spini. Njia za kuitimiza kanuni ni nyingi hata jiwe haliwezi kuchagua moja. Kisha geuza mlango mmoja tu. Nyumba yangu sasa ina mitatu ndani na mmoja nje, na ya jirani kinyume chake. Geuza mlango wa pili, wa tatu, na kosa hilo linatembea nyumba hadi nyumba, likiachana na mwenziwe. Mwaka 2008 Castelnovo, Moessner na Sondhi walionyesha kwamba kosa hilo linalotembea lina tabia ya kaskazini iliyoachana na kusini yake. Kitu ambacho kila kitabu cha shule kinasema hakipatikani ukikata sumaku vipande viwili!

Nimetaja nyutroni mara nyingi kama kwamba ni jambo jepesi. Niwaambie ukweli wake. Kupata siku za kufanya kazi kwenye kinu cha nyutroni huandika maombi, ukangoja. Mimi nilingoja karibu mwaka mzima kwa siku tatu. Fuwele yangu ilikuwa nyeusi, ndogo kama kokwa ya tende. Niliibandika juu ya kijiti cha alumini kwa gundi, nikaishusha ndani ya heliamu hadi nyuzi 2 za Kelvin, na kwa kuogopa isianguke, nilitia gundi nyingi. Gundi ina hidrojeni. Hidrojeni hutawanya nyutroni kila upande, kama ukungu unavyotawanya taa ya mashua. Siku tatu usiku na mchana nilitazama ukungu. Alama dhaifu niliyoitafuta ilikuwa humo, imefunikwa na tone la gundi. Siku hizi mwanafunzi wangu akitayarisha fuwele, naiangalia gundi kwanza. Na akileta gadolini namwuliza imetoka wapi, kwa sababu gadolini ya kawaida hunyonya nyutroni kuliko karibu kila kitu duniani. Lazima utafute aina yake iliyochujwa.

Nafika sasa kwenye mawimbi, na hapa sina haja ya kwenda Sweden.

Sote tumeona goma siku za Maulidi. Wanaume wamevaa kanzu nyeupe, mstari mrefu, kila mmoja ameshika bakora yake. Ngoma inapiga, mzumari unalia. Wa kwanza anainamisha bakora kidogo, wa pili anafuata, wa tatu anafuata, na wewe uliyesimama pembeni unaona kitu kinapita mbele yako kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho. Kitu gani kimepita? Nani ameondoka mahali pake? Hakuna. Kila mtu yuko pale pale, na wimbi limefika.

Felix Bloch alisema mwaka 1930 kwamba hivyo ndivyo spini zinavyofanya. Joto linapoanza kuisumbua sumaku, halipindui mshale mmoja mzima. Hilo lingegharimu nguvu nyingi. Linaitikisa mistari yote kidogo kidogo. Kila mshale huzunguka, ncha yake ikichora duara dogo, na jirani yake hufuata nyuma kidogo. Hilo ni wimbi la spini. Fungu lake dogo kabisa huitwa magnoni, na kila magnoni hupunguza usumaku wa jiwe kwa kipimo kimoja kamili, si nusu, si moja na robo. Mwaka 1957 Bertram Brockhouse wa Kanada aliyapima mawimbi hayo kwa nyutroni, naye ndiye aliyegawana Nobel na Shull.

Kwa nini watu wanahangaika na mawimbi haya? Shikeni simu zenu. Mkiitumia sana hupata moto. Moto huo ni wa elektroni zinazokwenda na kugongana njiani. Katika ganeti ya itri hakuna elektroni inayokwenda popote. Kuna bakora zinazoinama. Jiwe hili limesifika kwa sababu wimbi likianza ndani yake haliishi upesi kama linavyoisha katika metali. Mwaka 2010 kundi la Eiji Saitoh huko Sendai lilitia ishara ya umeme upande mmoja wa ganeti ya itri, ikageuka wimbi la spini, ikapita milimita moja ndani ya jiwe lisilopitisha umeme, ikatoka upande wa pili kama umeme tena. Milimita moja, mtasema ni kitu gani? Kwa vipimo vya vifaa vilivyo ndani ya simu, hiyo ni safari ya kutoka hapa hadi Faza.

Sasa nichanganye mawili. Goma lenye watu wote wanaotazama upande mmoja, na mwavuli. Itakuwaje wimbi likipita katika goma ambalo kila mchezaji ametazama upande wake?

Kazi yangu imo ndani ya swali hilo. Wakiwa wote katika mstari mmoja, hesabu ya magnoni hulindwa: wimbi moja haliwezi kujipasua kuwa mawili, kwa sababu moja haliwi mbili. Mielekeo ikiwa mingi, ulinzi huo huondoka. Bakora ya mmoja ikiinama kushoto, kwa jirani yake aliyetazama upande mwingine kuinama huko ni nusu kushoto, nusu mbele. Wimbi linaweza kupasuka. Mwaka 2006 Chernyshev na Zhitomirsky walionyesha kwa hesabu kwamba katika sumaku za pembetatu, wimbi linaweza kupasuka lenyewe hata katika baridi ya mwisho kabisa, pasipo joto lolote kulisumbua. Mwaka huohuo Andrei Pimenov na wenzake walipata katika manganati za terbi na gadolini mawimbi ya spini yanayoamshwa na umeme wa mwanga, badala ya sumaku yake. Kwa mpangilio wa mstari mmoja hilo halitarajiwi. Kupinda ndiko kulikofungua mlango.

Najua mzee mmoja hapa ataniuliza: haya yote yanatuhusu nini sisi wa Amu? Mzee wangu, jana ulimtumia mjukuu wako ujumbe ughaibuni. Ujumbe ulipita chini ya bahari kama mwanga, ndani ya uzi wa kioo. Nyaya kubwa za namna hiyo zilifika Mombasa mwaka 2009. Njiani mwanga huchoka, kwa hivyo kila baada ya masafa hutiwa nguvu na kipande cha kioo chenye erbi, erbi ya Ytterby. Mwanga ukirudi nyuma ungevuruga kazi hiyo. Kwa hivyo huwekwa ganeti ya metali adimu yenye bismuthi, ambayo kwa usumaku wake huuzungusha mwelekeo wa mtikisiko wa mwanga nyuzi 45 ukienda. Mwanga ukitaka kurudi, hauipindui nyuma ile 45, huiongeza, ikawa 90, na hapo mlango umefungwa. Ni lema, ndugu zangu, lile wanaloliita dema Unguja. Samaki huingia, hatoki. Ujumbe wako ulipita katika lema la jiwe.

Mwanafunzi mmoja, msichana wa darasa la saba, aliniandikia swali kwenye karatasi kabla hatujaanza: wimbi likifika mwisho wa fuwele linakwenda wapi? Linarudi, mwanangu, kama maji yanavyorudi yakipiga ukuta wa gati. Na jiwe likiwa jembamba sana, yanayokwenda na yanayorudi hushikana, yakasimama mahali pamoja yakitikisika. Tunapima nafasi kati ya mitikisiko hiyo, na kutokana nayo tunajua jirani anamshika jirani kwa nguvu kiasi gani. Swali lako ni njia mojawapo ya kumpima mshenga.

Nimemaliza niliyokuja nayo. Dira naiacha hapa juu ya meza, karibu na taa. Watoto waje mmoja mmoja waitazame, waufuate ule ufa, waangalie mshale unavyotulia. Simu ziacheni mikononi mwa mama zenu kwanza. Spika zake zina sumaku, na safari hii babu hayupo wa kuirudisha jaa.